Sura ya Mwisho Haikuliwa na Panya

Chikongola, Mtwara
Jumamosi, alasiri

Somoe, mama,

Sikuulizi hujambo, maana umepita hapa kibandani sasa hivi na kichwa chako kipya, kimenyolewa mpaka kinang'aa, ukajifanya huoni ninavyocheka. Umependeza. Ila hayo masikio sikujua kama ni makubwa hivyo. Ni ya upande wangu, usihangaike kuuliza.

Mambo ya ndoo, kufuli na kandambili za bweni bibi yako ameyamaliza tangu juzi, na mimi siyarudii. Akikwambia tena leo, itikia tu. Mimi nina jambo langu moja na limeninyima raha wiki nzima. Ndiyo maana unaniona nafoka ovyo. Jana nimemfokea mteja aliyerudisha kitabu kabla ya siku yake. Nani anafokea mtu kwa kuwahi? Baba yako.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatatu ulirudi mbio kutoka kwa Mwalimu Sanga, ukasimama mlangoni unahema. "Baba, kipo! Kile cha Mama wa Nyotani kipo kwenye maktaba ya shule ninayokwenda! Mwalimu alikisoma hukohuko, kizima, kina mpaka jalada. Sasa mwisho nitausoma kwa macho yangu mwenyewe!"

Nikasema, "Vizuri." Halafu nikaenda uani nikaipiga ndoo teke. Ukadhani nimejikwaa.

Nataka unisikie mimi kabla hujakifungua kile kitabu. Ukikifungua kwanza, sidhani kama utanisikia tena. Nimejaribu kusema kwa mdomo siku nne, mdomo umekataa, huuhuu unaoongea mpaka na mbuzi wa jirani. Ndiyo nimechukua kalamu.

Nianze na ninachokijua. Wewe mwenyewe ni shahidi: kuanzia bandarini mpaka Ziwani, hakuna mtu aliyesoma riwaya za nyota na majini kunizidi mimi. Mimi niliyeishia darasa la sita. Bibi yako huwaambia watu la saba, lakini la saba nilikwenda kunywa uji tu. Walimu wanaohamishwa huniachia vitabu, mabaharia huniachia vitabu, na mimi nikivikodisha kwa watu ninakuwa nimeshavisoma mara mbili. Na kwa kuwa nimevisoma vyote, nina haki ya kuvichukia.

Chukua hizi riwaya za siku hizi, zinazoingia kwa wingi tangu tupate daraja la Rufiji. Nimesoma moja mwezi uliopita. Jini ana miaka elfu moja, halafu anamtongoza binti kwa simu ya mkononi. Ukurasa wa arobaini anaishiwa vocha. Jini! Anaomba aongezewe vocha! Nikakitupa kile kitabu, nikakiokota kwa sababu ni cha biashara, nikakitupa tena. Halafu kila shujaa wao akibanwa anasugua pete. Kabanwa na askari, pete. Kapotea jangwani, pete. Mimi nimebanwa wiki nzima, nimesugua mpaka kichwa, hakuna kilichotokea.

Kingine ni kile cha mji wa kioo chini ya mikoko, hapahapa kwetu, mdomo wa Ruvuma. Nilifurahi, nikasema hatimaye kuna mtu ametukumbuka. Ukurasa wa tatu binti mfalme anakimbia kwenye mikoko na viatu vyeupe, na anafika navyo vikiwa vyeupe. Mwandishi yule hajawahi kutia hata kidole kwenye tope la mikoko. Pale unaingia na viatu viwili unatoka na kimoja, tena si chako. Mji wa kioo nimeukubali. Mfalme mwenye mapezi nimemkubali. Tope siwezi kumsamehe. Akitaka kudanganya adanganye kwenye makubwa, kwenye tope aseme kweli.

Na usinikumbushe sehemu ya pili. Unamkumbuka yule bwana wa chombo cha angani, aliyeachwa nje ananing'inia kwa mkanda, na jiwe kubwa kama uwanda wote wa Makonde linamjia? Sehemu ya kwanza ikaishia hapo. Enzi zile barabara ikikatika masika, malori yanakwama njiani hata miezi, na ya pili ikasemekana imo kwenye lori. Tukangoja. Masika yakapita, yakaja mengine. Wewe ukaingia darasa la kwanza, ukafika la nne, yule bwana bado ananing'inia. Nikachoka. Nikachukua daftari nikaandika sehemu ya pili mwenyewe, na ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, kila aliyeikodi alisema hivyo. Wewe tu ndiye uliyenicheka.

"Baba, mtu yuko mwezini umemvalisha kaptura?"

"Kuna joto huko."

"Nani kakwambia?"

"Nani kakwambia wewe hakuna?"

Tulicheka, eti. Sasa nikikaa hapa naona hiyo ndiyo tabia yangu. Kitabu kikiniudhi mwisho wake, nakitengenezea mwingine.

Ulikuwa na miaka minane uliporudi kisimani bila ndoo, kamasi mpaka kidevuni. Watoto wa jirani walikwambia mama yako hakusafiri. Kafanywa ndondocha. Kuna mchawi kamchukua, kamkata ulimi, anamlimisha mihogo usiku, sisi tukipita tunadhani hakuna mtu. Ndivyo watu wetu wanavyosema mtu akitoweka, nami nilikuwa nimeshausikia uvumi huo, nikauacha uzunguke. Afadhali waseme mchawi kuliko waniulize mimi.

Wakati ule nilikuwa katikati ya kitabu cha watu wa chuma, na neno roboti nilikuwa nimekutana nalo asubuhi ileile. Kamusi sina, lakini lini hilo limenizuia? Nikakukalisha juu ya gunia.

"Sikiliza, mama. Ndondocha siyo hivyo wanavyosema. Ndondocha ni roboti. Ni mashine, inafanya kazi haichoki, haisemi, ndani hamna mtu. Wajapani wanazo tele."

"Kwa hiyo mama ni mashine?"

"Nani kasema? Nasema hivi, wakikutania ndondocha, wewe wajibu roboti. Wataona aibu, hawalijui."

Ukafuta kamasi kwa mkono, ukaupaka kwenye gunia langu. "Kama ni mashine, fundi akiifungua inatengenezeka."

Pale ndipo nilipotakiwa kuacha ujuaji. Nikasema, "Inatengenezeka."

Wiki haikuisha, akaja Mwalimu Sanga kibandani, ndiyo kwanza amehamia kutoka Njombe, na daftari lako mkononi. Watu walikuwa wamejaa.

"Wewe ndiye baba Somoe?"

"Ndiye. Huku wananiita Profesa."

"Profesa wa nini?"

"Wa chochote ulichonacho."

"Haya, Profesa, nieleze hii." Akasoma kwa sauti: "'Ndondocha ni mashine ya Wajapani. Mama yangu ni ndondocha lakini akipata fundi mzuri atarudi nyumbani.' Nimeuliza ofisini ndondocha ni nini. Mwenzangu alifunga mlango kwanza, ndipo akaniambia."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote, ili wajue sijaumia. Mwalimu hakucheka.

"Huyu mtoto anangoja mtu," akasema. "Umemwambia nini kuhusu mama yake?"

"Mwalimu, nenda kafundishe vitenzi."

Akaondoka. Kesho yake akarudi na kitabu kisicho na jalada, akakiweka juu ya meza bila salamu. "Msomee mtoto hiki. Msomee mpaka mwisho."

Ndicho hicho tulichokiita Mama wa Nyotani, na sitaki kukudanganya hata kwenye hili: ndicho kitabu bora nilichowahi kukishika. Nimekisema vibaya miaka kumi mbele ya wateja. Nilisema kina maneno mengi, nilisema mwandishi anajidai. Uongo. Tope lake ni tope. Yule mama injinia anapokifunga chombo chake kwa mara ya mwisho, anaona vidole vya mwanawe vimeacha alama za mafuta ya karanga kwenye kioo, na hazifuti. Mwandishi wa pete hawezi kukupa hilo hata umpe miaka elfu ya jini.

Hadithi unaijua kuliko mimi. Anaitwa kwenda kutafuta maji kwenye nyota ya mbali, anamwachia mume mtoto wa miaka mitano, anasema, "Nitarudi utakapokuwa umebadili meno yote." Na mtoto anahesabu meno. Na wewe ukaanza kuhesabu ya kwako. Ulikuwa unayaleta hapa kibandani yamefungwa kwenye karatasi, mbele za watu, "Baba, la tano." Nilikuwa natamani kumfuata yule mwandishi nimkabe.

Tulipofika sura ya mwisho nilitangulia kuipitia kwa macho, kama ninavyofanya siku zote ili nikikutana na neno gumu nisiaibike. Nikaona kilichomo. Wewe umekaa miguuni kwangu, umejikunja, unangoja. Nikafungua mdomo, macho yangu yakabaki kwenye karatasi na mdomo ukaenda kwingine kabisa.

Nilichokusomea unakikumbuka. Chombo kinatua, mlango unafunguka, mama anashuka na vumbi la nyota kwenye nywele, anamtazama mwanawe aliyekua, halafu anasema, "Mmepika nini?" Ulilipenda sana hilo la mmepika nini. Ulinirudishia mara nne. Somoe, hakuna "mmepika nini" kwenye kile kitabu. Ni langu.

Mwaka uliofuata ulianza kusoma kwa kidole, unafuata mstari huku nikisoma, na nikajua siku zangu zimekwisha. Nikaichana ile sura. Nikawashia jiko. Ulipouliza nikasema panya. Mwaka ule tulikuwa na paka wawili.

Ningekuwa nimeishia kwenye hadithi tu, tungecheka. Lakini mwaka huu ulipochaguliwa kidato cha tano, masomo ya fizikia, nikakuuliza kwa kujigamba mbele ya watu ili wasikie, "Kwa nini fizikia, mama?" Ukasema, "Kwa sababu mtu anaweza kwenda mbali sana na akarudi. Ni hesabu tu." Watu wakapiga makofi. Mimi nikauona uongo wangu umevaa sare ya shule.

Sasa mwisho wenyewe. Utausoma, lakini nausema mimi kwanza.

Chombo kinatua. Mtoto amekwishakuwa kijana, ana meno yote. Mlango unafunguka na ndani hamna mtu. Kuna sauti ya mama tu, imerekodiwa. Anasema hakupotea, hakuna aliyemchukua, chombo kilikuwa kizima na angeweza kurudi. Anasema, "Huku nikizungumza, watu hunyamaza wakanisikiliza. Nimebaki." Basi. Hakuna sehemu ya pili, hakuna pete.

Nilimchukia yule mwandishi kwa mstari mmoja tu, huo wa kunyamaza. Kwa sababu nilijua alikoutoa. Hakunijua, lakini alinijua.

Mama yako, Delfina, alikuja upande huu akiwa msichana, na ndugu zake, wakati wa vita vya Msumbiji. Kimakonde chake kilikuwa kitamu mpaka bibi yako alikuwa anamwita azungumze tu. Kiswahili alijifunzia hapa, kwa shida. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nina kibanda, nina vitabu, watu wananiita Profesa, unadhani nilibebeka? Siku moja kibanda kimejaa, yeye amekubeba mgongoni, akaja akagusa kitabu nilichokuwa nakisoma. Akasema, "Baba Somoe, na mimi nisomee hizo kulasa."

Nikasema kwa watu, "Mmesikia? Kulasa! Profesa kaoa mke wa kulasa!" Wakacheka. Nikaona wanacheka, nikaongeza, "Hata nikikusomea, wewe utaelewa nini?"

Hakulia, hakugomba. Tangu siku ile hakuniambia tena neno la Kiswahili. Alinisemesha Kimakonde, maneno ya lazima tu: maji haya, chakula kile. Mimi nikaona nimeshinda. Ndivyo nilivyokuwa mjinga: mtu akinyamaza nilidhani nimeshinda.

Vita vikaisha kule, watu wakaanza kurudi. Akaja mtu kusema baba yake amefariki. Akavuka Ruvuma pale Kitaya kwenda kuzika, akakuacha na bibi yako kwa sababu ulikuwa na homa. Alisema atarudi baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Wewe unayajua mpaka hapo, na hapo ndipo nilipokuwa nakwambia usafiri mgumu, maji yamejaa, viboko wakali.

Usichokijua ni kwamba mwaka wa tatu alikuja hapa mchuuzi wa vitenge, akanivuta pembeni. "Delfina anasema usimngoje. Ameolewa. Mtoto akipata akili, mwelekeze alipo, aje." Nikamjibu yule mchuuzi maneno ambayo siyaandiki. Na wewe sikukwambia. Ujumbe ulikuwa wako, mimi nikaukalia. Nilisema ukikua. Kila mwaka nakutazama naona bado. Una miaka kumi na minane, mrefu kuliko mimi, bado nikaona bado.

Jumatano niliwaambia nakwenda Ziwani kutazama mikorosho. Nilikwenda Kitaya. Nilifika mtoni nikamkuta mvushaji amekaa ndani ya mtumbwi wake anakula muhogo. Nikamuuliza kama anamjua Delfina wa ng'ambo.

"Yupi, mama Tomasi? Namjua. Namvusha mimi."

"Unamvusha kwenda wapi?"

"Kuja huku. Kusaga. Kwao mashine mbovu, anakuja kusaga hapo juu kila Jumanne. Umechelewa, jana alikuwepo."

Nikamuuliza tangu lini. Akanitazama kama mtu anayeulizwa tangu lini mto una maji. "Miaka, bwana. Wewe nani, nimwambie nani kamuulizia?"

Mimi, niliyewasomea watu nyota zote, nikasema, "Mpita njia."

Miaka yote hiyo, mama. Kila Jumanne alikuwa upande wetu wa mto na unga kichwani. Nusu siku kutoka hapa. Hakuna nyota, hakuna mchawi, hakuna masika. Ni mimi tu nilikuwa nimekaa katikati, nachana karatasi.

Sikuombi unielewe, maana hata mimi nikijisoma najikasirikia. Na sitakwambia yeye alifanya vyema au vibaya kukuacha. Hilo muulize mwenyewe, lina majibu ambayo mimi sina, na nimeshakuwa na majibu mengi mno ya kubuni. Nenda ukasome fizikia. Kama sababu uliyokuwa nayo nimeivunja, utatafuta nyingine, wewe si mtu wa kukosa sababu. Na kile kitabu kisome, tena ukisome kwa makini pale kwenye alama za mafuta ya karanga. Nadhani Mwalimu Sanga alikuwa anajua anachokifanya mara zote mbili, aliponiletea kitabu na alipokwambia kilipo. Sijamsalimia kwa ukarimu miaka kumi, na Jumatatu itabidi nimpelekee salamu, jambo linaloniuma kuliko yote.

Likizo ukirudi, kama utataka, tutakwenda Kitaya siku ya Jumanne. Nitakuonyesha mashine ya kusaga ilipo. Mkikutana nitakaa pembeni, nitafunga mdomo, mseme nyinyi. Sijawahi kulifanya hilo, kwa hiyo usitegemee kwamba nitalifanya vizuri.

Nilikuwa nimepanga kukutilia barua hii kwenye sanduku uisome ukiwa njiani, mbali, usikoweza kunifikia. Nimeona huo nao ni ujanja wangu uleule. Namtuma mtoto wa jirani akuletee sasa hivi, jua likiwa bado lipo, ili ukitaka kunitukana unitukane leo, na ukisema kesho hutaki kuniona stendi, nisikie kutoka mdomoni mwako.

Nipo kibandani. Sifungi mpaka uje.

Baba yako,
Hamisi